Nguvu Kwanza, Ndipo Mwendo

Iko siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka, Mwanangu, na wala haikuwa siku ya vita au ya mlima wetu wa volkano kuwaka, maana siku za namna hiyo mtu wa Goma anazikumbuka bila kuombwa. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nilikuwa karakanani kwetu, mtaa wa Katindo, nakunywa chai, kichwa kimenivimba kwa kazi tuliyokuwa tumeimaliza, simu ya Papa Anselme ikalia. Alisikiliza, akaiweka mezani. Kisha akatuambia kwamba kisanduku chetu cha Munigi kimekufa, na mtoto amekutwa na miguu baridi.

Papa Anselme ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Alianza na kutengeneza redio, zikaja televisheni, zikaja kompyuta, na kila mara alirudi kusoma upya bila kuona haya. Vijana wake tulikuwa wawili, mimi Furaha na mwenzangu Bahati. Usinicheke nikijiita mzee. Sijazeeka kiasi hicho, lakini katika kazi hii ya kompyuta miaka inakimbia kuliko kwingine, na vijana wananiita koko, yaani mzee wao. Nimeshazoea.

Kisanduku chenyewe kilikuwa hivi. Kituo kimoja cha afya kule Munigi kilikuwa na kitanda cha joto, kile ambacho wauguzi wanakiita kuvezi, cha watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Tulitengeneza kompyuta ndogo ya kukilinda. Ilipima joto la mtoto, na joto likianza kupungua ilitakiwa kuongeza moto wa kitanda, kupiga king'ora, na kumtumia muuguzi ujumbe. Umeme wa kule ulikuwa wa kuja na kuondoka, kwa hiyo kompyuta ilikula kwenye betri ya jua, na betri hiyo haikuwa kubwa.

Sasa hapa nisikilize polepole. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, haina mwendo mmoja. Kazi ikiwa nyingi inapandisha mwendo, inahesabu haraka na kula umeme mwingi. Kazi ikiwa kidogo inashusha mwendo, na betri inapata nafuu. Ni kama mbabula, lile jiko lako la makaa la kupikia maharagwe: chungu kikishachemka unaziba mlango, makaa yasiishe bure. Na kila mwendo una kipimo chake cha nguvu, zile volti. Mwendo mkubwa unataka volti nyingi, mwendo mdogo unatosheka na chache. Anayepanga haya yote ni programu ndogo iliyo ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, mahali ambapo mtumiaji hafiki. Sisi huku tunaiita pilote, yaani rubani, kwa Kifaransa chetu cha shule. Hatukuiandika sisi. Ilikuja pamoja na kompyuta yenyewe, na hakuna aliyewahi kuifungua kuisoma.

Tulipanda pikipiki mpaka Munigi. Muuguzi mkuu, Mama Sifa, alitupokea mlangoni bila maneno makali, na afadhali angetutukana. Mtoto alikuwa wa mwanamke aitwaye Vumilia, ambaye alikuwa amelala na homa tangu ajifungue na hakuweza kumkumbatia mwanawe. Joto la mtoto lilikuwa limeshuka, na kisanduku chetu, taa yake ikiwaka vizuri kabisa, kilinyamaza. Mama Sifa alijua kwa sababu alipita na kumgusa nyayo. Tulipoingia, bibi wa mtoto alikuwa amemfunga kifuani kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, naye ameketi wima bila kuegemea popote, akiogopa kusinzia.

Mama Sifa akatuambia, "Miye siko na kasirani na nyinyi, batoto bangu. Lakini hii mashine inatudanganya. Taa inawaka, kumbe ndani imekufa. Muibebe. Muirudishe siku moyo wenu utakubali kuwekea mutoto wenu ndani."

Bibi yule hakuwa kijana, Mwanangu. Angeweza kumbeba leo, angembeba na kesho, lakini mtoto alihitaji majuma. Kila mtu mle ndani aliliona hilo. Nilibeba kisanduku mapajani njia nzima ya kurudi.

Karakanani tukakiwasha, kikafanya kazi kama kawaida, utadhani kinatucheka. Bahati, ambaye hajawahi kukosa dawa ya haraka ya jambo lolote, alisema tufungie prosesa kwenye mwendo wa juu kabisa, isishuke tena. Tukafanya hivyo. Haikufa. Tulikuwa tumeshaanza kutafuta funguo za pikipiki, Papa Anselme akachukua kalamu, akapiga hesabu ya betri mbele yetu kwa siku yenye ukungu na mvua. Betri ilikuwa inaisha jua likiwa halijarudi. Basi tukaifungia mwendo wa chini. Haikufa pia, lakini ilipoguswa na baridi ilijikokota kupima na kutuma ujumbe, na mtoto wa kimo kile hana muda wa kungojea mashine ijikokote.

Hapo nikakata tamaa, nikasema kwa sauti ya kujitetea kwamba sisi tulikijaribu kisanduku vya kutosha kabla ya kukipeleka. Papa Anselme akaniuliza tulikijaribu namna gani. Nikamwambia, tena kwa kujivuna, kwamba tulikipa kazi nzito mfululizo, mchana kutwa, siku baada ya siku, bila kukipumzisha hata kidogo, na hakikuanguka.

"Basi hamukuijaribu," akasema. "Muliikimbiza tu. Mashine ya hivi haiangukaka wakati iko nakimbia. Inaangukaka wakati inaamuka. Iache ilale, kisha uiamushe, na uangalie."

Tulikiacha kitulie mpaka prosesa ikashuka mwendo wa chini kabisa. Kisha nikatumbukiza kipima joto ndani ya kikombe cha maji baridi. Kikaamka vizuri, kikapiga king'ora. Tukakituliza tena, nikatumbukiza tena. Tulifanya hivyo mpaka Bahati akaanza kupiga miayo, na ndipo, mara moja tu kati ya mara nyingi, taa ikabaki inawaka na ndani kukawa kimya. Nilifurahi, ukweli nikwambie. Ugonjwa unaouona unaweza kuutibu.

Nikafungua pilote na kuisoma mstari kwa mstari. Pale mahali pa kubadilisha mwendo palikuwa na amri mbili tu, zimefuatana: badilisha mwendo, kisha badilisha volti. Nikazitazama kwa muda mrefu. Wakati wa kushuka, utaratibu ule ni sawa kabisa. Unapunguza mwendo kwanza, prosesa ikishatulia unaipunguzia nguvu, na hakuna anayeumia. Lakini wakati wa kupanda, utaratibu uleule unaua. Mwendo unaruka juu kwanza, na kwa kitambo kidogo, kidogo mno hata huwezi kukitaja, prosesa inakimbia mbio za juu kwa nguvu ya kulala. Mara nyingi inavumilia. Siku nyingine haivumilii, inaganda palepale. Na iliamka lini? Mtoto alipoanza kupoa. Yaani kisanduku kilikuwa salama saa zote ambazo hakikuhitajika.

Aliyeiandika pilote ile alikuwa ameandika njia moja ya kupandia na ya kushukia. Nikaandika mbili. Kupanda: volti kwanza, ndipo mwendo. Kushuka: mwendo kwanza, ndipo volti. Nikajiona nimemaliza, na kikaanguka tena kesho yake. Papa Anselme hakuniambia kosa, aliniacha nihangaike nalo. Mwishowe nikaona kwamba nilikuwa naomba volti na papo hapo napandisha mwendo, wala singojei volti zifike. Kuziomba kulikuwa kazi ya mstari mmoja, lakini kufika kwake kulichukua muda. Nikaongeza kungoja. Baada ya hapo tulikilaza na kukiamsha mpaka maji ya kikombe yakatuchosha sisi, na hakikuanguka.

Tulipokirudisha Munigi, Mama Sifa hakutaka maelezo yetu. Alichukua kipima joto mwenyewe, akakitia kwenye maji, akasubiri king'ora, akakitoa, akaenda kuhudumia mgonjwa mwingine, akarudi wakati kisanduku kimeshatulia na akatia tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Kisha akaenda kwa yule bibi na kumwambia, "Mama, sasa unipatie mutoto."

Bibi alisita. Alinitazama mimi, siyo kisanduku. Halafu akafungua kitenge taratibu na kumtoa. Walipomlaza, joto likashuka kidogo kwa ule upepo wa kufunua, na kisanduku kikalia papo hapo, kitanda kikaongeza moto, simu ya Mama Sifa ikatetemeka mfukoni mwake. Bibi akaegemea ukuta. Kabla hatujafunga mifuko yetu alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, na mimi nilitoka nje nikalia kama mtoto mdogo.

Sasa ungesema hadithi imeisha hapo. Kumbe yangu mimi ndiyo ilikuwa inaanza. Habari za kisanduku zilienea haraka kwa simu za wauguzi, na kabla hatujaondoka pale Munigi nilikuwa nimeshapigiwa simu na vituo vingine vitatu, kimoja mpaka Rutshuru kwetu nilikozaliwa. Wote niliwaitikia. Ndiyo, tutaleta. Ndiyo, mwezi huu. Papa Anselme alikuwa anasikia. Alinipeleka kwa mama mmoja anayeuza chakula barabarani, akaagiza bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, akanisukumia sahani, akasubiri nile. Ndipo nilipokumbuka kwamba tangu jana yake sikuwa nimekula kitu cha maana.

"Furaha," akaniambia, "ile kosa uliona mule mu pilote, iko ndani yako pia. Umeitika watu watatu. Mikono ya kufanya iko wapi? Vyombo viko wapi? Unapandisha mwendo, unasema nguvu itakuja. Na siku utaanguka, taa yako itakuwa inawaka, watu watazani uko muzima."

Nilikasirika, tena sana. Nilikuwa nimengoja sifa, nikapewa karipio juu ya sambaza. Lakini hakuondoa macho kwangu mpaka nilipotoa simu na kuwapigia wote watatu, mmoja mmoja, kuwaambia bado, subirini tupate watu na vifaa. Yule wa Rutshuru alinikatia simu. Niliona aibu, nikamtazama Papa Anselme kwa jicho la hasira. Leo ndiye mtu ninayemwombea kila Jumapili, kwa sababu visanduku tulivyopeleka baadaye tulivipeleka tukiwa na watu wa kuvitunza, na hata yule aliyenikatia simu alipata chake na akanishukuru.

Miaka ilipita, macho ya Papa Anselme yakaanza kufifia. Nikaona namna alivyoshuka. Alianza kupunguza kazi wakati bado anaziweza. Zile ngumu akaniachia mimi kidogo kidogo, akabaki na redio zake, na mwisho kabisa, alipokuwa hakimbilii tena kitu chochote, ndipo aliponipa ufunguo wa karakana. Hakuanguka. Nimewaona wengine waliofanya kinyume. Barabara zilipofungwa na wateja kukimbia mji, mtu alipunguza kwanza chakula chake, akapunguza usingizi, akaacha hata kukaa na watoto wake jioni, lakini mbio za maisha hakuzipunguza hata kidogo, harusi kubwa ni zilezile, ahadi ni zilezile. Wengi wao niliwazika, Mwanangu, na ninasema hivi kwa uchungu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na nimeieleza kwa kisanduku kwa sababu ndicho kilichonifundisha. Unapopanda, iwe ni kazi mpya, ndoa, au cheo, tafuta nguvu kwanza: maarifa, watu, afya ya mwili na utulivu wa moyo. Na ukiiomba nguvu, ngoja uione imefika, usikimbie kwa sababu umeahidiwa. Unaposhuka, fanya kinyume: punguza mbio kwanza, nguvu uiguse mwisho. Usitumie njia moja kwa safari zote mbili. Na ukitaka kujua kama uko imara, usijipime siku unapokimbia. Jipime unapoinuka kutoka mahali ulipokuwa umetulia, maana huko ndiko watu wanakoangukia, na mara nyingi ni saa ileile ambayo kuna mtu mdogo anakutegemea.

Mungu akutangulizie nguvu, Mwanangu, mwendo uje nyuma yake. Na siku utakapoanza kushuka, maana sote tunashuka, akujalie uwe umeshaacha kukimbia, na ungali umesimama.