Eda ya Mume Aliye Kazini

Mimi si msemaji. Hata darasani, mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, nainama. Siku moja tu nilikimbilia kusema, na hadi leo inanichoma.

Mama mdogo alikuwa kwetu Mabawa, ndani ya eda. Aliolewa na askari ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo vita vyake havijaisha tangu nizaliwe. Mapigano yalipokaribia mji wao alirudi Tanga, mumewe akabaki na kikosi. Kisha mkuu wa kikosi akapiga simu mwenyewe: pole shemeji, mumeo ameuawa, tumemzika hukohuko. Alilia hadi ikawa mama mdogo ndiye anayembembeleza.

Basi akavaa nyeupe, akaacha wanja na manukato, hatoki nje. Miezi minne na siku kumi. Alikuwa kwenye mwezi wa pili. Miwani yake aliiacha alipokimbia, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea simu.

Alasiri moja kundi la simuni la wake wa askari likaletewa orodha, kurasa zilizopigwa picha: jina, namba, kituo, mwezi wa mwisho kulipwa. Nikatafuta, sijui kwa nini. Nikalikuta jina la baba mdogo, na namba ileile ya kitambulisho chake. Yuko kazini. Kalipwa mwezi uliopita.

"Mama mdogo, yu hai," nikapayuka.

Alinitaka nisome mara tatu. Ya tatu akacheka. "Mvivu yule. Hata kufa kumemshinda."

Bibi alikuwa anakuna nazi. "We mwana, eda haivunjwi kwa simu."

"Eda ya nani, mama? Nimkalie eda mume anayekula mshahara?"

Akaoga, akavaa dera jekundu, akajipaka wanja, akanivuta hadi Ngamiani kununua hina. Njiani aliwaamkia wazee shikamoo, nao wakaitikia marahaba kwa sauti ndogo, kama wanaomjibu mgonjwa. Mimi nilifurahi, nasema kweli. Nilijiona nimemfufua mtu.

Hina ilikuwa haijakauka alipompigia simu mwenzake mmoja, mke wa askari pia. Niliweka spika. Mama mdogo akaanza kumshukuru Mungu kwa ile orodha. Yule mama akasema taratibu, "Dada, ile si orodha ya walio hai. Ni ya wanaolipwa. Hata wangu yumo, na maiti yake niliiona."

Akaeleza. Kuna kamati mpya ya kusafisha jeshi, wanasheria vijana, ndio walioitoa, wanataka familia ziseme nani amekufa. Mishahara ya wafu wanaila wakubwa. Kwenye kikosi cha baba mdogo anayeisaini mishahara hiyo ni mkuu yuleyule aliyelia simuni.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nikidhani vitani mbaya ni adui tu.

Mama mdogo alikwenda bombani kuisugua hina, isitoke. Bibi akaja na ndimu, akamsugulia. Hakumwambia nilikuonya. Alisema tu, "Siku zako zinaendelea palepale. Mungu anajua ulidanganywa."

Akarudia nguo nyeupe, akaniita nimwandikie kwa kamati. Bibi akakataa. Mkwe wa mama mdogo, mama yake baba mdogo, bado anaishi jirani na kambi ya yule mkuu. "Wakijua nani kasema, watamfanya nini yule mzee?"

Mama mdogo akampigia mkwewe kumuuliza. Bi mkubwa yule hakukawia kujibu. "Mwanangu kishakufa. Asimfanyie mwizi kazi. Semeni."

Niliandika jina, namba, siku ya kifo. Kesho yake asubuhi likaja jibu: poleni sana, tunaomba picha ya kaburi au cheti cha kifo.

Hatukuwa na picha wala cheti. Nilimsomea bila kumtazama. Alitazama vidole vyake vyenye rangi, halafu akasema, "Andika. Kaburi lake analijua anayepokea mshahara wake. Muulizeni."

Nikaandika hivyohivyo, na jina la mkuu, na cheo chake, kama alivyonitajia.

"Chini weka jina langu."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Lote," akasema. "Mpaka la babu."