Tulikwenda Kumwona Baba kwenye Shuka

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana mtu asiyetajwa ni kama hakuja. Benchi letu lilikuwa na watu wanne: mama yangu Marieta, kaka yangu Hosea, miaka kumi na moja, mimi Agnesi, miaka minane, na mdogo wetu Ruthi, kafungwa mgongoni kwa mama, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nyuma yetu alikaa Mbelwa, aliyekuwa akipasua mbao na baba, baba juu ya gogo, yeye chini shimoni akila vumbi. Pembeni yake Bi Zuhura, jirani yetu, ambaye mdomo wake haukuwa na komeo. Mbele alisimama Mwalimu Kaniki na fimbo yake. Wengine nao nawajua, darasa zima, lakini nikiwataja wote mtasinzia.

Kilichonirudisha huko ni blanketi. Juzi mjukuu wangu alisahau kuanua, mvua ikalinyea, akalileta karibu na moto. Ile harufu ya sufu mbichi inayoanza kupata joto ilipopanda, nikaacha kumenya viazi.

Siku ile ya sinema kila nyumba iliambiwa ilete blanketi moja la kuziba madirisha ya shule, ili mchana ugeuke giza. Mwenye gari la sinema alitaka awe ameshuka Mombo kabla ukungu haujaziba barabara. Mvua ilitupiga njiani, mablanketi yakalowa, na tulipoyatundika darasa zima likanuka kondoo. Nje jenereta lilikuwa likikohoa moshi wa petroli. Ukutani, juu ya ubao, walikuwa wametandaza shuka jeupe.

Sasa niwaambie kwa nini tulikuwa benchi la mbele kabisa. Miaka miwili nyuma wazungu wenye kamera walikuja msitu wa Magamba kutengeneza filamu ya kutisha, ya watu waliopotea porini. Walitafuta vibarua, baba akapata wiki tatu. Kila akirudi jioni tukimuuliza amefanya nini, alicheka tu. "Subirini. Mtaniona humo humo."

Kazi ile ilipokwisha akarudi kwenye mbao zake, kambini Shume. Huko kichomi kikamkamata, siku tatu tu. Wenzake walimleta kwa machela, ameshafungwa sanda. Mama alikuwa na mimba ya Ruthi, na wazee wetu walisema mwenye mimba hatazami maiti. Wakamkalisha jikoni kwa Bi Zuhura mpaka kaburi likafukiwa. Kwa hiyo mama hakumwona. Alimwona mara ya mwisho akipanda njia, msumeno begani, anapiga mluzi.

Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Ndiyo maana habari ya gari ilipofika, mama alifua nguo zetu kwa siku mbili. "Ruthi naye amjue baba yake," alisema. "Hata mara moja."

Mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa nimeanza kuisahau sura ya baba. Mikono yake niliikumbuka, na sauti, na harufu ya mti wa mkulo iliyokaa kwenye shati lake hata likifuliwa. Lakini nikifika usoni, sioni kitu. Sikumwambia mtu. Niliona ni dhambi, tena dhambi kubwa, isiyotajwa hata kanisani.

Basi filamu ikaanza. Jamani, ilikuwa mbaya! Wazungu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, gari lao limekwama msituni, nao wameingia kwa miguu kutafuta njia. Hapana mmoja uliyeweza kumpenda. Mmoja alikuwa anaficha mikate. Mwingine aliteguka mguu, wenzake wakamwacha juu ya jiwe wakaenda zao, hata kumpa maji hapana. Walipiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu Kaniki alikuwa anatutafsiria, na walipozidi kugombana akakohoa akasema, "Hapa anamtukana mwenzake. Hili sitatafsiri, kuna watoto."

Na huko walikopotea! Ilikuwa ni pale pale tulipokuwa tunaokota kuni. Kijito walichokiogopa ndicho tulichochotea maji. Bi Zuhura alivumilia, akavumilia, kisha akasimama.

"Wewe mwanamke, kata kushoto! Kushoto! Utatokea kwenye kabichi za Omari!"

"Kaa, Bi Zuhura," Mwalimu akasema. "Hawakusikii."

"Hata wangesikia! Watu wanakufa njaa wamesimama juu ya uyoga!"

Darasa likaangua kicheko. Hapo tena haikuwa filamu ya kutisha. Watu walikuwa wanaelekeza njia, wengine wanamtukana yule mficha mikate. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtafuta baba. Walipita wabeba mizigo mwanzoni, watatu, nikawakagua mmoja mmoja. Hakuwamo. Mama alikuwa amejisogeza ukingoni mwa benchi, magoti yanagusa ukuta.

Kisha likatoka dude. Lilikuwa refu, linatembea kwa miguu miwili, limevaa ngozi za ng'ombe zilizoshonwa na manyoya ya mbega, na pembe kichwani. Watoto wakapiga yowe. Likashuka mteremko mbio, likafika kijitoni, na kabla ya kuvuka likasimama, likajipandisha ngozi kiunoni kwa vifundo vya mikono. Vifundo, si viganja.

Hosea akaruka. "Tate! Ni tate! Ni baba!"

Maana baba, kwa ajili ya utomvu wa miti, alikuwa hashiki suruali kwa viganja. Aliipandisha hivyo hivyo, maisha yake yote.

Mama akageuka nyuma. "Mbelwa. Ni yeye?"

"Ni yeye, shemeji," Mbelwa alisema polepole. "Alinikataza nisiseme. Alitaka mshtuke wenyewe."

Hapo darasa lote likawa upande wa dude. "Mkamate huyo wa mikate, mghoshi!" walimshangilia, ndiyo kusema bwana. Mama akamfungua Ruthi mgongoni, akamwinua juu mbele ya shuka, mpaka kivuli cha mtoto kikaingia ndani ya msitu. "Mtazame baba yako," akamwambia. Ruthi wala hakuogopa. Alinyoosha mikono.

Nami nikawa nasubiri avue. Nilijiambia, atavua tu, kazi ikiisha mtu anavua nguo za kazi. Lakini hakuvua. Yule mficha mikate, mbaya kuliko wote, ndiye aliyepata bunduki. Akalipiga. Dude likaanguka kwenye majani, wazungu wakalizunguka wakaanza kuongea, maneno marefu, Mwalimu mwenyewe akachoka kutafsiri. Na katikati yao lile dude lililokufa likawa linapanda na kushuka kifuani. Linapanda, linashuka. Alikuwa ametoka kukimbia, masikini, angeizuia vipi pumzi?

Watu walicheka mpaka wakashikana. "Maiti gani hii!" Bi Zuhura akapiga makofi.

Mama hakucheka. Aliweka kiganja juu ya shuka, pale pale kifuani. "Anahema," akasema. "Mtazameni. Bado anahema."

Akakaa hivyo mpaka shuka likabaki jeupe.

Njiani kurudi nililia. Mama aliponiuliza nikamjibu kwa hasira kwamba nilikwenda kuona uso, nimeonyeshwa ngozi ya ng'ombe. Hakunikemea, wala hakunibembeleza. Alikuwa anatembea kwa wepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, na mimi nikamchukia kwa wepesi ule. Kwa miaka mingi niliamini mama aliridhika haraka mno.

Nimekuja kumwelewa nikiwa na mvi. Mume wangu Eliya alipougua, wiki ya mwisho hakuwa akifungua macho, na uso wake ulikuwa umeshakonda ukawa si wa kwake. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Uso sikuutazama. Nilitazama kifua tu, kinapanda, kinashuka, na kila kilipopanda nilishukuru. Ndipo nikajua mama alipewa nini siku ile. Mimi nilimuaga mtu wangu pumzi kwa pumzi. Yeye alifungiwa jikoni, akatolewa kaburi limeshafukiwa. Zile pumzi za mwisho alikuwa anawadai wazee, na filamu mbovu ya watu wabaya ndiyo iliyomlipa.

Kama uliketi katika darasa lile na ukaona vingine, nitafute unisahihishe, sina ubishi. Huenda ngozi zile zilikuwa za mbuzi, huenda Omari hakulima kabichi, alilima karoti. Labda hata Bi Zuhura alikuwa mbele, si nyuma. Lakini usije kuniambia kwamba lile dude lilikuwa limekufa.