Mama Alhamisi

Katika kanisa letu hapa Kakamega kila mtu anajua kwamba Alhamisi sili. Ukinialika arusi siku hiyo nitakuja, nitaimba, nitakaa mezani mbele ya wali na nyama, na wanaogawa chakula watanipita bila kuniuliza. Wameshaambiwa. Vijana wananiona mtu wa maombi. Mchungaji wetu wa sasa, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, hunitaja katika mahubiri kila anapotaka kuwasuta wanaokosa ibada kwa sababu ya mpira. Mimi hukaa kimya kwenye benchi la tatu kutoka mbele, mikono mapajani. Sihisi kitu. Zamani nilihisi, halafu kikaisha, na nataka kueleza ilivyokuwa kabla sijasahau nini kilitangulia na nini kilifuata.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi za mkoa. Wazungu walipofunga mizigo yao, makarani wakapandishwa vyeo, na sisi tukatoka katika nyumba ya udongo kwa wakwe zangu tukaingia nyumba ya serikali mjini, ya matofali, yenye mfereji wa maji uani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mtoto bado. Mfereji ule ulinipa kitu ambacho mama yangu hakukipata maisha yake yote: alasiri nzima isiyo na kazi.

Kule kwa wakwe, upande wa Lubao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini, alikuwako mjane mmoja mzee ambaye sote tulimwita Kukhu, kama tunavyoita nyanya huku kwetu. Ndiye aliyenifundisha kuomba kwa sauti nilipoolewa, kwa maana nilikuwa na haya hata ya kusikika na Mungu. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, alikuja akakaa nami siku tisa. Hakuniambia yalikuwa mapenzi ya Mungu. Alipika uji, akaniosha mgongo, akakaa. Nilimpenda sana, na ninasema hivyo mapema ili mtu asifikiri kwamba yaliyofuata yalitokana na chuki.

Kisha miguu yake ikavimba, akawa hawezi kwenda mtoni wala kuinama jikoni. Mwanawe wa pekee alikuwa amepata shamba Lugari, katika ardhi iliyokuwa ya Mzungu, na ilimpasa kwenda kukaa huko alime mahindi, la sivyo angepewa mwingine. Alitaka kumchukua mama yake. Kukhu akakataa.

"Kanisa langu liko hapa," alimwambia. "Huko nikiita, nani ataniitika?"

Basi sisi wanawake sita wa ushirika tukasimama mbele ya yule mwana, tukaahidi. Kila mmoja angechukua siku yake, Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili ingekuwa ya kanisa zima. Mwenye siku angeteka maji, angewasha moto, angepika, angesoma Neno, angeomba, na angekula pamoja na Kukhu ili asile peke yake. Yule mwana alitupa mkono mmoja mmoja, akapanda lori na majembe yake. Tangu hapo tukaacha kuitana kwa watoto wetu, tukaanza kuitana kwa siku. Mimi, ambaye sikuwa na mtoto wa kuitiwa, nilifurahi kupita wote. Nikawa Mama Alhamisi.

Siku ya mtu ilikuwa ya mtu. Kwenda kwa Kukhu katika zamu ya mwenzio ilikuwa kama kuingia jikoni kwake na kuonja mchuzi wake. Ungekuwa unasema kwamba yeye hatoshi. Hakuna aliyethubutu. Kwa hiyo Alhamisi hakuna mguu mwingine uliokanyaga ule uwanja isipokuwa wangu.

Miezi ya kwanza nilikwenda bila kukosa. Halafu mume wangu akanunua redio.

Nilipokuwa mdogo nilifundishwa kuogopa pombe, wanaume na waganga. Nilikuwa nimejiandaa vizuri kwa hao. Hakuna aliyenionya juu ya redio ya mawe manne ya betri, iliyowekwa juu ya meza, ikafunikwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Alasiri ya Alhamisi kulikuwa na kipindi cha salamu. Wake wa makarani na wa askari, majirani zangu, walikuja na sindano zao na nyuzi, tukafuma sweta, tukanywa chai, tukasikiliza majina ya watu tusiowajua wakiwasalimu watu tusiowajua. Walikuwa wanawake wema, wengi wao wacha Mungu. Hatukusengenya sana, kiasi tu. Na kwa kuwa asubuhi nilikuwa na usafi na chakula cha mume, alasiri ndiyo iliyokuwa saa yangu ya kwenda kwa Kukhu.

Mara ya kwanza kukosa, mvua ilinyesha kweli. Kakamega mvua hutoka upande wa msituni saa tisa kama mtu aliyeajiriwa, na ile ya siku hiyo ilikuwa kubwa. Mara ya pili, mawingu yalikuwa yametanda tu. Mara ya tatu jua liliwaka mpaka likatua na sikwenda.

Nilikuwa na maneno yangu ya kujituliza. Mama Ijumaa atafika kesho asubuhi, na mtu hafi kwa jioni moja. Mama Jumatano lazima amebakisha kitu. Na nilimwombea, hilo nalo lisemwe. Alhamisi moja nilipunguza sauti ya redio, nikafumba macho, nikamwomba Mungu amlishe Kukhu vizuri. Kisha nikaongeza sauti.

Iliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikienda labda mara moja kwa mwezi, moyo ukinisumbua, nikibeba sukari kufidia. Kukhu hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa akinipokea mlangoni kwa macho, ameketi kwenye kiti chake, kitambaa cheupe cha ibada kichwani, kitabu cha nyimbo mapajani.

"Umekuja, mwana wanje," angesema. Mwanangu. Basi.

Siku moja nilipofika alisema, "Umekuja, basi leo nitakula." Nilicheka. Niliteka maji, nikasonga obusuma, ugali wetu, nikapika mboga za kunde, na alikula mpaka nikamtania.

"Kukhu, leo umekula kama mtu aliyetoka kulima."

Naye akacheka, akaniomba maji tena. Alikunywa vikombe vitatu. Niliviona nikavihesabu, na havikunifanya niulize chochote. Njiani nikirudi nilikuwa nikiwaza ile sweta, kwamba mkono mmoja umetoka mrefu kuliko mwingine.

Alikufa Jumamosi, mikononi mwa Mama Jumamosi, baada ya kula. Habari iliponifikia, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba afadhali haikuwa Alhamisi. Naliandika kama lilivyokuwa.

Mwanawe alishuka kutoka Lugari na gunia la mahindi ya matanga na uso uliochoka. Tuliketi uwanjani kwenye mabenchi ya kanisa, sisi sita mstari mmoja, vitambaa vyeupe vichwani. Mzee wa kanisa akasema wanawake wa zamu watoe ushuhuda juu ya marehemu. Mama Jumatatu akasimulia, Mama Jumanne akasimulia. Kisha akasimama Mama Jumatano, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Kukhu alikuwanga mtu wa ajabu," alisema. "Mimi nikipika jioni, nataka kumwachia obusuma ya kesho, anakataa kabisa. Ananiambia, pelekea watoto, mimi Alhamisi nafunganga. Na Mama Alhamisi anakujanga, tunaomba pamoja mpaka jua linaingia."

Watu wakaitikia kwa sauti ya chini. Mama Ijumaa hakungoja kuitwa.

"Ni kweli. Mimi Ijumaa nilikuwa nafika mapema kwa sababu najua hajakula. Moto umezima, mtungi umekauka. Nikamwuliza, Kukhu, hata maji? Akaniambia, hata maji."

Ndipo nilipoelewa. Nilielewa polepole, kitu baada ya kitu: mtungi, moto, vikombe vitatu. Nilingoja kitu kinipige kifuani na hakikunipiga. Nilimwona kuku akitembea kati ya miguu ya watu, nikamtazama yeye.

"Mama Alhamisi," mzee wa kanisa aliniita, "wewe ndiwe uliyefunga naye. Tuambie mlivyokuwa mkiomba."

Nilisimama. Yule mwana alikuwa ameinua uso kunitazama. Ilikuwa nafasi yangu, na sitapata nyingine mbele ya watu wale, kwa kuwa wengi wao wamezikwa. Ningeweza kusema maneno matano tu. Hakuna aliyekuwa amenishika mdomo.

"Tulikuwa tunaomba," nikasema. "Ilikuwa vizuri."

Sauti ilitoka sawasawa. Nikaketi. Mama Jumatano akaniwekea mkono begani akalia, akidhani ananisaidia kulia. Na kabla hatujaondoka pale, wanawake wa ushirika walikubaliana kwamba Alhamisi iwe siku ya kufunga kwa kumkumbuka Kukhu, na mimi niwaongoze.

Yule mwana alinisubiri njiani. Alinipa kuku jike mzuri, mwenye miguu ya manjano, kwa mikono miwili, kama mtu anavyoshukuru huku kwetu.

"Mama Alhamisi, chukua hii ingokho. Nililala usingizi kule Lugari kwa sababu yenu. Na wewe zaidi."

Nilimchukua. Kukataa kuku wa shukrani ni kumtukana mtu, na pia sikuwa na nguvu ya kukataa. Jumapili mume wangu akamchinja, redio ikiimba. Nilikula paja. Nyama ilikuwa laini.

Mfungo wa wenzangu ulidumu mpaka msimu wa palizi, mmoja akaacha kwa sababu ya jembe, mwingine kwa sababu ya tumbo, na siwalaumu. Mimi sikuweza kuacha. Si kwamba nilitubu. Ni kwamba kila nilipopakua Alhamisi, chakula kilikaa mbele yangu na mkono haukwenda. Nimejiuliza miaka hii yote kwa nini Kukhu hakunishtaki kwa wenzangu. Labda alinihurumia. Labda aliona haya kuombaomba. Au labda kwa kuwa njaa ilikuwapo tayari, aliamua afadhali ampe Mungu kuliko iende bure. Nimeomba nielezwe na sijaelezwa. Watu husema sala zangu ni nzuri.

Sasa miguu yangu nayo imevimba. Wanangu wawili, waliokuja baadaye, wako mbali, na wanawake vijana wa kanisa wamenipangia zamu kama zile zetu. Wanakuja na simu zao, wanazitazama uji ukichemka, nami siwaambii kitu. Nimewaomba jambo moja, wasinipangie mtu Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo nafunga. Wameona ni utakatifu.

Kwa hiyo Alhamisi hakuna anayekuja kuniona. Kuanzia saa nane navaa kitambaa cheupe, nakaa kwenye kiti kinachotazama mlango, na mlango nauacha wazi. Maji sinywi. Nilianza kufanya hivi mwaka jana, nikitaka kujua tu Kukhu alikuwa akikaa muda gani. Ni mrefu. Mvua hunyesha ikaisha. Watu hupita barabarani, na kila mwanamke anayepunguza mwendo karibu na uzio wangu, shingo yangu hunyooka yenyewe, hata kama nimeiambia isinyooke.

Na mimi najua kwamba hakuna anayekuja. Yeye hakujua.