Wimbi la Fundi Mkavu

Miaka thelathini na minne ya kuhangaika na mabomba ya watu, fundi huyu hakuacha nyuma yake koki hata moja inayodondosha, ndiyo maana wateja wakambandika jina la Mkavu. Methali yake ilikuwa moja tu, usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliitamka mbele ya kila sinki kabla hajashika spana. Lakini mganga hajigangi. Zulia la sebuleni kwake lilikuwa limelowa mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Chanzo ni tangi la kioo. Alipostaafu alijizawadia samaki sita wa maji ya chumvi na tumbawe laini lenye ukubwa wa kiganja. Samaki wakanenepa, tumbawe likanuna. Vidole vyake, ambavyo vilitakiwa kujitandaza, vilizidi kujikunja na kupauka. Mfugaji aliyemuuzia akamwambia kwamba kiumbe huyo amezoea kupigwa na mawimbi, na kwenye maji yaliyotulia hamalizi miezi miwili.

Mkavu alicheka. Wimbi ni kitu gani kwa mtu aliyefunga matangi ya choo maisha yake yote? Maji hujaa taratibu, kisha hushuka yote kwa mkupuo. Akaweka ndoo ya lita ishirini juu ya rafu, pampu ndogo ikawa inaipandishia maji kutoka kwenye tangi. Ndani ya ndoo akasimamisha bomba lililopinda kama mpini wa mwavuli, mguu wake mrefu ukatoka nje na kuzama kwenye tangi. Maji yakifika kwenye pindo la bomba, yanavutana na kuporomoka.

Siku ya kwanza ndoo iliteleza. Ya pili ikafurika, kwa sababu hewa ilinaswa ndani ya bomba ikayazuia maji. Akatoboa tundu dogo kwenye ule mguu mrefu, juu kidogo ya maji ya tangi, hewa ipate pa kutokea. Wimbi la kwanza likashuka, naye akapiga makofi peke yake kama mtoto.

Mkewe hakupiga makofi. Alikuwa fundi cherehani, na wateja wake walijaribia nguo sebuleni humo wakiwa peku.

"Baba watoto, umeniletea choo sebuleni nikanyamaza," alisema. "Zulia likilowa mara ya tatu, kaka yangu analipakia tangi, analipeleka shuleni anakofundisha."

"Nipe mpaka Jumamosi. Ukiliona wimbi lenyewe, utalipenda."

"Jumamosi nitamwita aje na gari kabisa."

Jumamosi shemeji akaegesha pikapu mlangoni, akaingia na kamba begani. Mkavu, aliyekuwa ameshinda akifutafuta ili pang'ae, akawasha pampu. Wote watatu wakakaa kutazama ndoo.

Maji yalipanda, yakafika kwenye pindo, yakalipita. Wimbi halikushuka. Mkavu alikagua pampu, ndoo, rafu, na hakuona kasoro. Ukingo wa ndoo ukaanza kutoa machozi, tone moja likashuka ukutani, jingine likafuata hadi kwenye zulia. Shemeji akakohoa, akaanza kukunjua kamba.

Mke ndiye aliyeinama karibu na bomba. "Hapa si palikuwa na tundu?"

"Lilikuwa linatema maji," alijibu Mkavu, "nikaliziba asubuhi."

"Na nani alilitoboa?"

Asubuhi ile mkono wa Mkavu ulitangulia akili, ukapaka gundi kama ulivyopaka maelfu ya mara, na yeye akaendelea kufuta vioo huku akipiga mluzi. Aliona aibu hadi masikio yakamwasha.

Mkewe alichomoa sindano iliyokuwa kifuani mwa blauzi yake, akaidunga gundi ambayo bado ilikuwa laini. Hewa ikatoka kwa mlio mwembamba. Bomba likakoroma, maji yote ya ndoo yakaporomoka, na wimbi likalikumba tangi. Samaki waliyumba wote upande mmoja, wakarudi. Vidole vya tumbawe vikalala, vikainuka, vikalala tena. Mkavu alisahau aibu yake na shemeji yake. Alisimama akitabasamu kwa meno yote, na mkewe alikuwa akimtazama yeye, si tangi.

Tundu likaanza kutema matone. Mkono wa Mkavu ukaingia mfukoni kutafuta gundi. Mkewe akaushika.

"Liache lidondoke, baba watoto."

Akatandika kipande cha kitambaa chini ya tundu.

"Sasa, dada," shemeji aliuliza, "nipakie? Maana nimeona maji yakifika chini kule."

Mke alisogea hatua moja, akaweka unyayo wake mtupu juu ya pale palipolowa.

"Zulia ni kavu," alisema. "Rudisha kamba kwenye gari, uje tunywe chai."