Jina la Mama Ramzy kwenye Fomu

Sogeeni karibu, maana habari hii si ya kupigia kelele.

Kageha ni fundi wa nguo. Miaka kumi na mmoja ameshonea kwenye baraza la Mama Ramzy, mama Mnubi wa Makina, Kibera. Alipofika pale akiwa mjane mwenye cherehani moja, huyo mama hakumdai kodi mpaka alipopata wateja. Na kila asubuhi, kabla Kageha hajafika, huyo mama huwa ameshalifagia baraza.

Basi Ramzy, mwana wa huyo mama, akaja kuazima ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumke.

"Anti, wiki mbili tu! Niko na kazi ya uniform huko Kawangware."

Akamwachia karatasi ya kupokea mashine, yenye muhuri wa duka lake. Wiki mbili zikawa miezi minne. Kageha alipolifuata duka, alikuta kufuli, na muuza mayai wa jirani akamwambia mashine ilishabebwa kwa mkokoteni. Simu ya Ramzy haishikwi. Na shule gani itakubali sare zinazofumka? Wateja walianza kuhamia kwa mafundi wa soko la Toi.

Ndipo akaenda saiba, duka la intaneti, kwa Tracy, binti anayejazia watu fomu za korti ya madai madogo.

"Unashtaki nani, mathe?"

"Ramzy."

Tracy akatafuta usajili wa duka, akageuza skrini. "Duka si ya Ramzy. Iko kwa jina ya huyu. Unamjua?"

Sitelbanat. Ndiye Mama Ramzy. Mwana alikuwa ameazima kitambulisho cha mama kama watu waazimavyo sufuria.

"Muweke Ramzy peke yake."

"Atasema hakuchukua kitu, ni duka ilichukua. Tuweke wote wawili. Lakini huyu mama usimtoe, utapoteza kesi."

"Ngoja. Usitume bado."

Kageha alimkuta Mama Ramzy akichagua dengu kwenye ungo.

"Mama Ramzy, nataka kuandika jina lako kortini. Wewe na Ramzy."

"Mimi nilikuja kuchukua mashine yako?"

"Hapana. Lakini duka limeandikwa jina lako."

"Hilo duka sijawahi hata kulikanyaga! Aliniambia ni mambo ya kitambulisho tu." Akatupa jiwe dogo nje. "Na ukiniacha?"

"Mashine yangu haitarudi."

Vidole vikaendelea na dengu. Kageha alitamani atukanwe, yaishe.

"Umekuja kuniuliza, Kageha, ama kuniambia?"

"Kukuambia."

"Basi umeniambia."

Jioni ile Tracy akaituma fomu, yenye majina mawili.

Asubuhi yake Kageha alifika mapema kuliko siku zote. Hakuna aliyemfukuza. Lakini baraza lilikuwa na vumbi, maganda ya njugu na karatasi za jana. Akatafuta ufagio kando ya mlango, nje, unapokaa siku zote. Ulikuwa umeingizwa ndani.

Akachomoa kipande cha kitambaa kwenye mfuko wa mabaki, akapiga magoti, akaanza kupangusa, kuanzia mlangoni kwa Mama Ramzy.