Supu ya Ghala Namba Tatu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2003. Baridi ya kuuma, manyunyu tangu alfajiri, na Mlima Meru haukuonekana kabisa.

Mzee Philemoni wa Kimandolu, Arusha, alivaa koti lake la suti, akachukua mwavuli, akamwambia mkewe Evaresta, "Mama Anneth, ukiona nimeacha kutafuna, na wewe acha."

"Tunakwenda kula au kukamata mwizi?"

"Bado sijajua."

Walikuwa wamealikwa chakula cha mchana na Dismasi, kijana wa Rombo aliyetaka kumwoa binti yao Anneth. Barua ya posa ilikuwa bado haijaletwa. Dismasi alikuwa mpishi mkuu wa hoteli mpya iliyojitangaza kupika vyakula vya barabarani vya Thailand, Malaysia na Vietnam kwa mtindo wake yenyewe, kwa ndizi na mbuzi wa hapahapa. Philemoni hakuwa na ugomvi na mapishi. Ugomvi wake ulikuwa huyo mbuzi.

Katika ukoo wao, kule Machame, baba wa binti akila mbuzi wa mchumba, maneno yamekwisha. Ndiyo maana mbuzi huja mwisho, baada ya barua, baada ya wazee kuchunguzana. Lakini Philemoni alipokuwa darasa la sita, mtu mmoja aliyemtaka dada yake alimwalika baba yao kwenye ubatizo, akampa sahani ya nyama ya mbuzi, kisha akasimama mbele ya watu na kusema, "Mkwe amekula." Mzee aliona aibu kubisha. Dada aliolewa hivyo. Miaka minne baadaye alirudi nyumbani na watoto wawili na jino moja pungufu. Tangu hapo Philemoni haamini nyama asiyojua ilikotoka.

Kazi nayo ilimlea vivyo hivyo. Miaka kumi na tisa alikuwa mtunza ghala wa shirika la umma la kahawa, akichoma kila gunia kwa bambo aone kama katikati mna kahawa au mna mawe. Shirika lilipouzwa akapunguzwa kazi, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Ghala nalo liliuzwa. Sasa ndilo lilikuwa hoteli ya akina Dismasi.

Alipoingia aliinua macho kwenye boriti. Namba 3 aliyoichora mwenyewe kwa rangi nyeupe ilikuwa palepale. Chini yake waliketi watu wa maofisini na wageni, kwenye meza mpya zilizotengenezwa makusudi zionekane kuukuu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama." Dismasi alikuwa ametoka jikoni, aproni kiunoni.

"Marahaba. Leo ni nyama gani?"

"Karibuni kwanza mketi, mzee."

Philemoni alimtupia mkewe jicho. Kijana ameulizwa nyama, anajibu kiti.

Kwanza ilikuja mishkaki kwenye vijiti vyembamba, na mchuzi wa karanga pembeni. Philemoni alichoma kipande kwa uma, akakipasua, akakinusa. Tangawizi, mchaichai na binzari vilikuwa vimefunika kila kitu.

"Nyama ikivalishwa nguo nyingi hivi, kuna kinachofichwa."

"Ni kuku, Baba Anneth. Hata kipofu angejua."

"Kuku huyu hana mifupa?"

"Wameitoa."

"Kwa nini waitoe?"

Evaresta alikula vijiti sita. Mumewe alikunywa maji. Zikaja mboga zilizoviringishwa kwenye ngozi nyembamba ya mchele. Akazikunjua zote juu ya sahani kama askari anayekagua mzigo mpakani. Alikuta karoti, nanaa na vitunguu, lakini kufikia hapo zilikuwa hazitamaniki tena.

Mwishowe yakaletwa mabakuli ya tambi za mchele, yakifuka moshi. Philemoni alikoroga mpaka chini. Hapakuwa na kipande chochote cha nyama. Baridi ilikuwa imemwingia mpaka magotini, na njaa ilikuwa njaa. Akaonja kijiko, akaongeza cha pili, akaishia kuinua bakuli kwa mikono miwili na kulimaliza.

Alipotaka kujipangusa, midomo ilinata. Mafuta yalikuwa yameganda juu yake kama nta. Mafuta ya kuku hayagandi hivyo. Mtu aliyekulia mlimani hahitaji kuambiwa ni ya mnyama gani.

"Mwite," alimwambia mkewe.

Dismasi alipokuja, Philemoni alimwuliza, "Supu hii umepikia nini?"

Kijana alifuta mikono kwenye aproni. "Nyama ya meza yako niliibadilisha, mzee. Nikaagiza kuku mtupu. Lakini supu huwa inachemka tangu jana, ni ya hoteli nzima. Mifupa ya mbuzi. Mimi... supu sikuihesabu kuwa nyama."

"Wewe mtu wa Rombo, mambo haya huyajui?"

"Nayajua. Ndiyo maana nilibadilisha."

Philemoni akautazama mdomo wa kijana, akingoja yale maneno mawili. Dismasi aligeuka, akarudi jikoni.

"Amekwenda kuita mashahidi," Philemoni alisema.

"Na huo uma wako wote," Evaresta akajibu, "umeishia kunywa."

Dismasi alirudi peke yake. Mkononi alikuwa na kisahani chenye bili. Akakiweka mbele ya Philemoni kwa mikono miwili.

"Dismasi," Evaresta alisema taratibu, "unatualika, halafu unatutoza?"

"Nisamehe, mama. Mzee akilipa, atakuwa amekula mbuzi wake mwenyewe. Wangu hajamla. Yuko kwa baba, Rombo, anakula majani."

Philemoni alivaa miwani, akaisoma bili kama hati ya kupokelea mzigo. Yalikuwamo mabakuli mawili ya supu, basi.

"Mbona kuku simwoni humu?"

"Kuku ni wa mwaliko, mzee."

Akalipa. Walipofika getini kwao, akasema:

"Inawezekana huu ni ujanja mkubwa kuliko ule wa ubatizo."

"Inawezekana," Evaresta alisema. "Inawezekana pia ni adabu."

Kesho yake, Jumapili, kabla ya kengele ya ibada ya kwanza, Philemoni akiwa tayari na suti yake, alichukua nyundo na kigingi cha mti, akaenda nyuma ya nyumba, kando ya migomba, penye majani mazuri ya kumtosha mbuzi mmoja. Akakipigilia. Akakitikisa mara tatu aone kama kimeshika. Kilikuwa kimeshika. Akakitikisa tena.