Fundi Umeme Aliyetaka Kutengeneza Kichwa Chake

Kaka yangu alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha sukari, upande wa Kidatu. Alikuwa wa kwanza kuzaliwa kwa mama yetu, mimi wa mwisho, na waliokuwa kati yetu walifariki wakiwa wadogo. Baba naye alikuwa ameshatangulia. Kwa hiyo mama alipojenga nyumba pale Kibaoni, mabati yalikuwa ya kaka, milango ilikuwa ya kaka, na taa ya sebuleni aliivuta yeye mwenyewe siku za likizo, akiimba huku kapanda darini.

Ugonjwa ulimwanza polepole. Likizo moja alikataa kukaa karibu na redio, akasema wasoma habari wanamsema yeye. Mwaka uliofuata wenzake wawili wa kiwandani walimleta kwa treni, mmoja huku na mmoja kule, wamemshika mikono taratibu kama wanaomsindikiza bwana harusi. Walisema amekuwa akisikia watu wanazungumza ndani ya mota, na kwamba siku moja alizima mtambo ili awasikie vizuri. Hawakusema kwa hasira. Mmoja wao, mtu wa Kigoma, alilia alipoagana na mama.

Mama alianza na mganga wa kijiji cha Kisawasawa. Kaka alinyolewa, akachanjwa, akarudi vilevile. Ndipo tukampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, mkoa mwingine, akakaa huko miezi mingi. Aliporudi, jina la ugonjwa wake lilikuwa limeandikwa kwenye kadi, skizofrenia, pamoja na agizo la kuchomwa sindano kila mwezi.

Sindano zilimsaidia, na nisingependa mtu afikirie vingine. Sauti hazikuisha kabisa, ila zilisogea. "Zinaongea nyumba ya tatu kutoka hapa," aliniambia. "Sisikii tena zinasema nini." Mikono ilimtetemeka kidogo, akanenepa, akawa analala mchana. Mama alitoa shukrani kanisani. Tukakaa kungoja arudi kuwa yule wa zamani.

Hakurudi. Mama akimtuma mafuta ya taa, kiberiti na chumvi, alileta chumvi, akasimama mlangoni akijua kuna kitu kimepungua lakini hajui ni nini. Jirani mmoja alileta pasi iliyokatika waya, kazi ambayo zamani angeifanya huku anakunywa chai. Aliifungua yote, akapanga skrubu juu ya mkeka, halafu akakaa kuzitazama mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba.

"Kaka, umechoka?" nilimwuliza.

"Sijachoka. Najua kila moja inakwenda wapi. Ila nikiishika hii, zile nyingine zinazimika."

Pasi ilirudi kwa mwenyewe ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mama akasema sauti zimeondoka, sasa umebaki uvivu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilishaona watoto wavivu wengi, na nilijua huu si uvivu. Lakini sikuwa na jina la kuupa.

Kliniki ya akili ilikuwa chumba kimoja chenye benchi nje, kila Alhamisi. Aliyeiendesha alikuwa nesi wa kiume, mtu mzima, mpole. Sisi sote tulimwita daktari na yeye aliacha kutusahihisha. Siku moja, baada ya sindano, kaka hakuinuka.

"Daktari, kule nilikolazwa kulikuwa na wagonjwa waliopigwa shoti ya umeme kichwani. Mimi sikupigwa. Kwa nini?"

Nesi aliweka kalamu chini. "Ile ni kwa mgonjwa aliyeganda, asiyekula wala kusema, au anayetaka kufa. Analazwa usingizi kwanza. Wewe unakula na unasema."

"Nasema, lakini akili haishiki kazi. Mtambo ukikataa kuwaka, mtu anaangalia umeme unafika au haufiki."

"Ile shoti haitakurudishia ufundi, kaka yangu. Wengine huwasahaulisha mambo kwa muda."

"Huo ni umeme mkubwa," kaka alisema. "Mimi nauliza mdogo. Mdogo sana, wa kuamsha tu."

"Mdogo sijausikia," nesi akajibu. "Siwezi kukudanganya."

Tukaondoka. Nilidhani ameridhika.

Mwezi wa tano mama alihamia shambani Mchombe, maana mpunga ulikuwa umeanza kukomaa na ndege wasipoamiwa, wakafukuzwa kutwa nzima, hawabakizi kitu. Nikabaki na kaka. Jumamosi moja mchana nilitoka kusahihisha madaftari shuleni, nikamkuta ameketi nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha jiko. Kichwani amejifunga vitambaa vilivyolowa maji, ndani yake kuna waya, na waya zinakwenda kwenye betri za redio alizozipanga juu ya kigoda. Redio yenyewe ilikuwa pembeni, tumbo wazi.

Niliita jina lake. Akainua mkono, kama mtu anayekuomba usimpotezee hesabu.

"Usiogope. Ni betri, si umeme wa ukutani. Mimi si mjinga."

"Inauma?"

"Inawasha, kama siafu wawili watatu." Akanitazama, macho yake yakiwa na uhai ambao sikuwa nimeuona tangu aletwe na treni. "Mwalimu, niulize. Niulize kama unavyowauliza watoto wako."

Ilinipasa kung'oa zile waya. Nililijua hilo wakati ule, na nalijua sasa. Badala yake nilikaa kwenye ngazi ya jiko, mkoba wangu wa madaftari bado begani, nikamwuliza saba mara sita.

"Arobaini na mbili."

"Saba mara nane."

"Hamsini na sita."

Nikasogea karibu. Nikampa jaribio jingine, lile nililokuwa nikimpa jioni nyumbani na likimshinda: nimtajie tarakimu nne, azirudishe akianzia mwisho. Nikataja. Akarudisha mbili, akasita, akatafuta, akarudi kwenye ya kwanza. Nikampa nyingine. Mbili tena. Tulijaribu mpaka maji ya vitambaa yakawa yanamchuruzika shingoni, na kila mara ilikuwa mbili, kama wiki iliyopita, kama mwezi uliopita. Majibu ya kuzidisha alikuwa nayo tangu darasa la tatu. Hayo hayakuwahi kumtoka.

Alifungua vitambaa mwenyewe. Juu ya jicho la kushoto ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu, na katikati kuna kidonda kidogo kama cha moto wa sigara.

"Haikuleta kitu," alisema, akaanza kurudisha betri ndani ya redio.

Nililia chumbani, mbali naye. Kidonda chenyewe kilinisumbua, lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilikuwa nimetumaini. Kwa dakika chache nilikuwa nimeshamwona kiwandani, ovaroli safi, na mama akiezeka upya nyumba.

Miaka mingi baadaye nilimsikia daktari mgeni akisema kwamba wataalamu wa nchi mbalimbali wanajaribu jambo linalofanana na lile, umeme mdogo sana unaopitishwa juu ya ngozi ya kichwa, kwa wagonjwa wa skizofrenia hasa, waone kama utasaidia kukumbuka na kufikiri. Wanafanya kwa mashine zenye vipimo, na bado hawajakubaliana kama unasaidia kweli. Nilimweleza kaka. "Hao wana vipimo," akasema. "Mimi nilikuwa na wewe tu." Tukacheka.

Alhamisi iliyofuata jaribio lile la betri hatukuficha. Nilimwambia nesi yote, na la kwangu pia, kwamba nilikaa nikauliza maswali. Alisafisha kidonda. Hakucheka, wala hakupaza sauti.

"Usirudie," alimwambia kaka. "Leo ni ngozi. Kesho hujui. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

"Sasa niambie. Ulikuwa unataka kutengeneza nini humo ndani?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Tulikuwa tumemwuliza kama amekunywa dawa, kama amelala, kama sauti zimerudi. Kaka alinyoosha vidole vitatu.

"Mambo matatu hayakai pamoja. Likija la tatu, la kwanza linatoka."

"Na mawili?"

"Mawili yanakaa."

"Basi usipewe matatu," nesi alisema, kisha akanigeukia. "Mwalimu, hilo ni somo lako."

Sikuwa na uhakika, lakini nilianza. Nilikata majalada ya madaftari ya zamani, na kwenye kila kipande kaka akachora hatua moja ya kazi, maana kuchora alikuwa hajasahau. Kutengeneza pasi kulichukua vipande tisa. Alikuwa akifanya cha juu, anakigeuza, ndipo anatazama kinachofuata. Mara ya kwanza vipande viliangukia kwenye maji. Mara ya pili alikasirika akaenda kulala. Mama aliporudi na mpunga alikuta sebule imejaa karatasi, akauliza tunacheza nini. Kaka alipomkabidhi tochi yake iliyokuwa imekufa, sasa inawaka, mama aliiwasha na kuizima mara kadhaa, akaenda kuinjika sufuria. Lile la uvivu sikulisikia tena.

Kuna msimu mvua zilikata barabara tukiwa Mchombe, sindano ikachelewa wiki tatu, sauti zikarudi karibu, ikabidi alazwe. Alipotoka tulianza tena na tochi.

Kazi kubwa aliyoifanya baada ya hapo ilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtaa wa pili. Swichi ya mota ilikuwa imeungua, na fundi mwingine alikuwa amesafiri. Mwenye mashine alimjua kaka tangu zamani, akaja nyumbani kubahatisha. Nilimsindikiza kaka. Kaka alizima umeme kwenye bodi, akahakikisha kwa testa kwamba waya hazina umeme, akahakikisha tena, kisha akakaa chini kuchora. Kina mama waliokuwa na magunia yao walitazamana. Mmoja alisema kwa sauti, "Tumeletewa fundi au msanii?" Kaka hakugeuka.

Ilimchukua tangu asubuhi mpaka saa tisa. Mara mbili alipotea, akarudi kwenye kipande cha mwisho alichogeuza. Mashine ilipoanza kunguruma, yule mama aliyeuliza habari za msanii ndiye aliyekuwa wa kwanza kumimina mpunga wake.

Kesho yake kaka hakuamka mpaka mchana, na siku nyingine mbili zilizofuata hakutaka kuzungumza na mtu. Kazi ya namna ile ilimmaliza. Mama alimwekea uji kando ya kitanda, akauondoa ukiwa umepoa, akauweka mwingine. Alhamisi alinawa uso, akavaa shati lake la mikono mirefu, tukaenda kliniki kwa miguu, yeye mbele na mimi nyuma kidogo, kwa sababu njia ilikuwa na matope.